Echinos: Kijiji cha Waislamu katika Milima ya Ugiriki

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ikitajwa Ugiriki mbele ya mwanafunzi wa elimu ya dini, fikra zake huenda moja kwa moja kwa Aristu na Aflatuni, na kwa vitabu vyao vilivyofasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika zama za Bani Abbasi. Ni wachache kati yetu wanaojua kwamba katika nchi hiyo hiyo wapo Waislamu laki moja na ushei ambao si wahamiaji wala wakimbizi. Ni wenyeji, raia wa nchi, na makaburi ya mababu zao yako pale pale. Wapo pia wakulima wa Kiislamu ambao kwa miaka mingi mambo yao ya ndoa, talaka na mirathi yamehukumiwa kwa fiqhi ya Imam Abu Hanifa (rahimahullah), tena ndani ya Umoja wa Ulaya.

Katika makala haya tumechagua kijiji kimoja tu, kiitwacho Echinos, ambacho kwa Kituruki huitwa Şahin. Tunakusudia kueleza mahali kilipo, maisha ya watu wake, na namna dini yao ilivyodumu. Kisha tutatazama suala moja la kifiqhi lililowagusa wao na linatugusa sisi pia: hukumu ya kadhi au mufti husimama juu ya nini pale ambapo dola si ya Waislamu?

MAHALI KILIPO

Kaskazini-mashariki ya Ugiriki kuna eneo liitwalo Thrace ya Magharibi. Kusini yake ni bahari ya Aegean, mashariki ni Uturuki, na kaskazini ni milima ya Rhodope, ambayo nyuma yake ni nchi ya Bulgaria. Mji mmojawapo mkubwa wa eneo hilo ni Xanthi, ambao Waturuki huuita İskeçe. Ukitoka Xanthi ukaelekea kaskazini kwa kulifuata bonde la mto Kosynthos, ukapita kijiji cha Sminthi na kuendelea kupanda, utafika Echinos kabla hujatimiza kilomita 30. Mbele yake kuna kijiji cha Thermes chenye chemchemi za maji ya moto, na kisha mpaka wa Bulgaria.

Kijiji kimekaa ubavuni mwa mlima. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na mnara wa msikiti unaonekana tangu mbali. Wakazi wake ni zaidi ya elfu mbili. Idadi hiyo ni ndogo, lakini katika vijiji vya Kiislamu vya milima ile Echinos huhesabiwa kuwa kikubwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuelekea kaskazini tunaposimama kuswali. Mtu wa Echinos huelekea kusini-mashariki. Sisi mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Kwao mchana wa Juni ni wa saa 15 hivi, na wa Desemba ni wa saa 9 hivi. Ramadhani ikiangukia kiangazi, mkulima hufunga saa nyingi huku yumo shambani. Ikiangukia wakati wa theluji, adhana ya Magharibi humkuta kabla hajaimaliza kazi yake.

WATU WAKE

Watu wa Echinos ni Wapomaki. Lugha yao ya nyumbani ni ya jamii ya Kislavoni na inakaribiana sana na Kibulgaria, ila dini yao ni Uislamu, na wao ni Sunni wa madhehebu ya Hanafi. Jeshi la Uthmaniya liliingia nchi hizo katika miaka ya 1360, likiongozwa na makamanda kama Ghazi Evrenos, ambaye jengo lake la kulishia masikini na wasafiri lingali limesimama katika mji wa Komotini. Lakini watu wa milimani hawakusilimu siku hiyo. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Uislamu uliingia Rhodope polepole, zaidi katika karne ya 16 na ya 17, kizazi baada ya kizazi.

Kwa kuwa wanasema lugha inayofanana na Kibulgaria, wanasali pamoja na Waturuki, na wanaishi katika ardhi ya Ugiriki, mataifa matatu yamewavutia kwake. Wabulgaria walisema hawa ni ndugu zetu waliopotea. Katika Vita vya Balkani vya 1912 na 1913 wakawabatiza wengi kwa nguvu, na wengi wa hao wakarejea katika dini yao mara tu walipopata nafasi. Waturuki wamesema hawa ni wenzetu. Wagiriki nao, mwaka 1954, waliamuru Waislamu wote wa Thrace waitwe Waturuki, kwa kuwa siku zile waliihofu zaidi Bulgaria ya kikomunisti. Baadaye, uhusiano na Uturuki ulipoharibika, amri ikageuzwa na wakatakiwa waitwe Waislamu tu. Mtu wa Echinos alibaki pale pale alipo, na ni jina lake tu lililokuwa likibadilishwa na watu wasiomuuliza.

MKATABA WA LAUSANNE

Baada ya vita baina ya Ugiriki na Uturuki, nchi hizo zilikubaliana tarehe 30 Januari 1923 kubadilishana watu. Wakristo wapatao milioni moja na laki mbili waliondoka Anatolia kwenda Ugiriki, na Waislamu wapatao laki tatu na nusu hadi laki nne waliondoka Ugiriki kwenda Uturuki. Kigezo kilichotumika kilikuwa dini, si lugha. Misikiti ya Krete na Makedonia ikabaki bila wenye kuswali. Waliobakishwa Ugiriki ni Waislamu wa Thrace ya Magharibi, na mkabala wao wakabakishwa Uturuki Wagiriki wa Istanbul pamoja na wale wa visiwa vya Imbros na Tenedos.

Mkataba wa Lausanne wa tarehe 24 Julai 1923 ulithibitisha haki za wachache hao wa pande mbili. Kifungu cha 42 kinahusu mambo ya familia na hali ya mtu binafsi kuamuliwa kwa kufuata desturi zao wenyewe, na kifungu cha 45 kinawapa Waislamu wa Ugiriki haki kama hizo. Kwa njia hiyo mufti aliendelea kuhukumu ndoa, talaka, nafaka na mirathi.

Hapa pana mazingatio. Uturuki, iliyokuwa makao ya Ukhalifa, ilizifunga mahakama za sharia mwaka 1924, na mwaka 1926 ikachukua sheria za kiraia kutoka Uswisi. Ugiriki, nchi ya Kikristo, ikabaki na mufti anayehukumu kwa fiqhi ya Hanafi. Mwanamke wa Kituruki wa Istanbul alirithi kwa kanuni iliyotungwa Ulaya, na mwanamke wa Kipomaki wa Echinos, aliyemo Ulaya, alirithi kwa hisabu za Suratun-Nisaa.

NYUMA YA KIZUIZI

Msomaji asidhani kwamba mkataba uliwaletea raha. Mwaka 1936 serikali ya Metaxas iliyafanya maeneo ya mpakani kuwa eneo la kijeshi. Ngome zilijengwa milimani, mojawapo hapo Echinos, na Aprili 1941 Wajerumani waliishambulia. Thrace ikatiwa mikononi mwa Bulgaria hadi 1944. Vita vikaisha, ikafuata vita ya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1946 hadi 1949, kisha vita baridi. Kizuizi cha barabarani hakikuondoka. Kwa miongo kadhaa mwanakijiji alitembea na kibali, na mgeni hakuruhusiwa kupanda huko bila ya idhini. Hali hiyo iliondolewa katikati ya miaka ya 1990 tu.

Aidha, kilikuwepo kifungu cha 19 cha sheria ya uraia, kilichodumu kuanzia 1955 hadi 1998. Kilimruhusu mtawala kumvua uraia mtu asiye wa asili ya Kigiriki aliyetoka nchini, kwa kudhaniwa kwamba hana nia ya kurudi. Makumi ya maelfu ya watu walipoteza uraia wao kwa kifungu hicho, wengi wao wakiwa Waislamu wa Thrace. Wengine walikwenda kusoma au kufanya kazi nje tu, na walipotaka kurudi wakakuta si raia tena.

Na upande wa pili wa mlima, kwa Wapomaki wa Bulgaria, mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya kikomunisti iliwalazimisha kuacha majina ya Kiislamu na kuchukua ya Kibulgaria. Walikuwa watu wa lugha moja na dini moja, wametengwa na mstari wa mpaka. Wa huku walifungiwa njia wakabakiwa na majina yao, na wa kule walinyang'anywa hata majina. Kivuko cha mpaka baina ya Thermes na mji wa Zlatograd kilifunguliwa mwaka 2010.

TUMBAKU NA RIZIKI

Ardhi ya Echinos ni ya mawe na miteremko. Zao lililokubali pale ni tumbaku aina ya basma, yenye majani madogo na harufu nzuri, iliyoupa mji wa Xanthi utajiri tangu zama za Uthmaniya. Kazi yake ni ya familia nzima. Miche hupandwa majira ya kuchipua, na kiangazi watu hutoka kabla ya alfajiri na taa zao kuchuma jani moja moja kabla jua halijakuwa kali. Mchana hukaa kivulini wakiyatunga majani kwenye uzi kwa sindano ndefu, kisha huyaanika juani. Yakishakauka hufungwa marobota na kungojea mnunuzi. Kazi kubwa ya kuchuma na kutunga iko mikononi mwa wanawake.

Fuqahaa wanajua kwamba hukumu ya tumbaku ni suala lenye khitilafu kongwe. Tumbaku iliingia nchi za Waislamu karibu na mwaka 1600. Sultan Murad wa Nne aliipiga marufuku mwaka 1633 na akawaua waliokaidi. Sheikh Abdulghani An-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, akaandika risala ya kuthibitisha kwamba ni halali. Leo, baada ya madhara yake kudhihirika kwa waganga, maulamaa wengi wamesema ni haramu. Kwa hiyo babu wa Echinos aliipanda akiwa na fatwa ya halali, na mjukuu wake anaambiwa pesa hizo zina walakini. Anayemfundisha hukumu hiyo analazimika pia kumjibu swali lake: katika mteremko huu wa mawe, nipande nini?

Dunia yenyewe imeanza kulijibu swali hilo kwa njia nyingine. Umoja wa Ulaya ulibadili utaratibu wa ruzuku za tumbaku kwa mageuzi ya mwaka 2004, na kilimo hicho kikapungua. Vijana wengi wakaenda kutafuta kazi za ujenzi na za karakana za meli katika nchi nyingine za Ulaya. Kijijini wakabaki zaidi wazee, wanawake na watoto. Mwishoni mwa Machi 2020 Echinos ilifungwa kabisa kwa sababu ya maradhi ya korona, hakuna kuingia wala kutoka. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu nchi iliyopatwa na tauni, ambayo wanafunzi huyasoma vitabuni, watu wale waliyaishi milangoni mwao, na wazee wao wakakumbuka kizuizi cha zamani.

LUGHA NNE ZA MTOTO MMOJA

Mtoto wa Echinos husema Kipomaki na mama yake. Akiingia skuli ya msingi ya wachache, husomeshwa baadhi ya masomo kwa Kituruki na mengine kwa Kigiriki, na hakuna somo kwa lugha ya mama yake. Akienda chuoni kusoma Qur'ani hukutana na Kiarabu. Ni lugha nne kabla hajabaleghe. Skuli hizo zimelaumiwa sana kwa udhaifu wa ufundishaji, na kwa muda mrefu ni watoto wachache mno wa milimani waliofika chuo kikuu, mpaka serikali ilipowatengea nafasi maalumu katikati ya miaka ya 1990.

Lakini Thrace ina madrasa mbili za kuendelea na masomo ya dini, moja iko Komotini na ya pili iko hapa Echinos. Hii ndiyo fahari ya kijiji. Tunapojiuliza ni nini kilichoihifadhi dini ya watu hawa, hatuwezi kuutaja mkataba peke yake. Mkataba haukumfundisha mtoto Al-Fatiha. Aliyemfundisha ni mwalimu wa kijijini, aliyetoka katika nyumba zile zile na kula mkate ule ule.

MUFTI HUPATA WAPI UWEZO WAKE?

Sasa tunafika kwenye suala letu. Wanafunzi wanajua tofauti ya mufti na kadhi. Mufti hutoa fatwa, nayo haimlazimishi mtu. Kadhi hutoa hukumu, nayo hulazimisha, kwa sababu nyuma yake kuna wilaya, yaani mamlaka aliyopewa na mtawala. Mufti wa Thrace amebeba mambo yote mawili. Je, wilaya yake inatoka kwa nani, na hali mtawala si Mwislamu?

Wanavyuoni wa Hanafi walilijadili jambo hili zamani, wakati miji ya Waislamu ilipochukuliwa na wengine. Ibnul-Humam katika Fat-hul-Qadir, na Ibn Abidin, aliyefariki mwaka 1252 Hijria, katika hashiya yake mashuhuri, wamesema kwamba Waislamu wa mahali kama hapo wanatakiwa wakubaliane juu ya mtu miongoni mwao, na kadhi huwa kadhi kwa kuridhiana kwa Waislamu. Neno ridhaa ndilo ufunguo wa suala lote.

Huko Thrace, sheria ya mwaka 1920 iliagiza mamufti wachaguliwe na Waislamu. Haikutekelezwa. Mwaka 1990 Waislamu walikusanyika misikitini wakawachagua mamufti wao wa Komotini na Xanthi. Serikali ikatunga sheria mwaka 1991 kuwa mamufti ni wa kuteuliwa, na waliochaguliwa wakashitakiwa kwa kujifanya maofisa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Serif mwaka 1999 na ya Agga mwaka 2002, iliamua kwamba Ugiriki ilivunja uhuru wa dini kwa kuwaadhibu. Hata hivyo kila mji ukabaki na mamufti wawili: mmoja ana muhuri wa dola, wa pili ana watu nyuma yake. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2022, lakini uteuzi haukutoka mikononi mwa serikali.

KESI YA MJANE

Kisha likatokea jambo lililowatikisa wote. Mwislamu mmoja wa Komotini, asiye na mtoto, aliandika wasia mbele ya mthibitishaji wa serikali kumwachia mkewe mali yake yote. Alifariki mwaka 2008. Dada zake wawili wakapinga, wakasema ndugu yetu ni Mwislamu, mirathi yake ni ya sharia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Ugiriki ikawakubalia.

Kwa hisabu za faraidhi hukumu haina utata. Mke asiye na mtoto kwa mumewe hupata robo. Dada wawili wa marehemu hupata thuluthi mbili, na kinachobaki huwarudia wao kwa njia ya radd, kwa hiyo wanapata robo tatu. Na mrithi hausiwi ila warithi wenzake wakiridhia. Mjane akapoteza robo tatu ya alichoachiwa. Akaenda Strasbourg, na tarehe 19 Desemba 2018 Mahakama ya Ulaya ikampa haki, kwa hoja kwamba dola haiwezi kumlazimisha mtu kuwa chini ya sheria maalumu ya wachache kama hakuitaka. Kabla ya hukumu hiyo kutoka, Januari 2018, Bunge la Ugiriki lilikwishapitisha sheria kwamba mufti atahukumu pale tu pande zote mbili zikiridhia. Msomaji wa Kenya ataona mfano wa karibu: kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinampa kadhi uwezo pale wenye kesi, Waislamu wote, wanapokubali kuhukumiwa naye.

Wako waliolia kwamba sharia imevunjwa Thrace. Sisi tunaona suala hili linahitaji uangalifu zaidi. Mgao wa mirathi ni wa Mwenyezi Mungu, na hakuna Mwislamu mwenye haki ya kuubadili. Lakini aliyekuwa akiulazimisha hapo hakuwa khalifa wala jamaa ya Waislamu. Ilikuwa dola ile ile iliyowakatalia Waislamu kumchagua mufti wao. Iliwanyima ridhaa katika kumteua mwamuzi, kisha ikawanyima ridhaa katika kwenda kwake. Hukumu iliyojengwa hivyo ina sura ya sharia, ila msingi wake ni amri ya serikali.

Na liko neno gumu zaidi, linalotuhusu sisi wenye vilemba. Mume yule alitaka kumlinda mkewe, na fiqhi ya Hanafi haikumfungia mlango. Angeweza kumpa mkewe hiba akiwa hai na mzima, mke akaikabidhi mkononi mwake, na mali ikawa yake bila ya mgogoro. Angeweza kukaa na dada zake na kutafuta ridhaa yao. Badala yake njia ya wasia ilichukuliwa, njia ambayo fiqhi haiitambui kwa mrithi. Watu wangapi katika misikiti yetu wanaijua tofauti ya hiba na wasia? Wangapi wanajua kwamba hiba ya mgonjwa wa maradhi ya mauti huchukua hukumu ya wasia? Tunasomesha faraidhi kwa wanafunzi wa madrasa, lakini mwenye nyumba moja na mke mmoja hatumfikii mpaka ameshazikwa na ugomvi umeshaanza.

KHITIMISHO

Tangu Januari 2018, mke na mume wa Echinos wanaoshuka Xanthi kwenda kwa mufti huenda kwa hiari yao. Wengine wamehofu kwamba hawatakwenda tena. Sisi tunasema huu ndio mtihani wenyewe, na si wa wanakijiji peke yao, ni wa maulamaa wao pia. Mwanachuoni mwadilifu, mjuzi, anayeaminiwa na wanawake kama anavyoaminiwa na wanaume, watu watamwendea hata kama hakuna sheria ya kuwasukuma. Asiyeaminiwa hatasaidiwa na muhuri.

Kijiji hiki kimepitiwa na Wabulgaria, Wajerumani, wanajeshi na vizuizi, na adhana haikunyamaza. Kilichoibakisha ni mama aliyemfundisha mwanawe Bismillahi kwa lahaja isiyoandikwa vitabuni, na mwalimu aliyekaa naye milimani. Basi maimamu wetu na wachukue funzo hili: katika darsa za msikitini watengeni siku za kuwafundisha watu hiba, wasia, wakfu na mirathi, wakiwa wazima na ndugu zao wako mbele yao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu wa Echinos na wa Thrace yote, awape maulamaa wanaowaridhia na wanaoridhiwa naye, na atujaalie sisi kuyatenda tuyasemayo. Wallahu a'alam.